Meno ya Mtasema

Matombo, tarehe 9 mwezi wa tatu, 1911

Mjomba Stambuli,

Shikamoo. Mimi mpwa wako Paskalia ni mzima, isipokuwa kikohozi cha asubuhi ambacho huku kila mtu anacho mvua zikianza. Mama mkubwa anakusalimu. Goti lake limekubali kukunjwa tena, na jambo la kwanza alilofanya ni kupanda kwenda kukagua migomba yake kama kuna mtu amekata mkungu. Kitambaa ulichonipa kwa mkono wa Rosa, aliposhuka huko kuuza maharage, kimefika. Nimekishona mwenyewe, tukionana usiangalie mishono.

Matanga yalianuliwa salama. Nyumba imetulia sana. Jana niliona ule unyoya wa kuku aliokuwa akijikunia sikio mume wangu Dominiko, bado umechomekwa kwenye nyasi za paa juu ya kitanda. Nimeuacha palepale.

Sasa nikueleze lililonikalisha chini niandike. Dominiko, kabla hajashikwa na kile kichomi, aliacha mtoto wa mbwa. Unamkumbuka yule jike wake wa kuwindia nguruwe. Alizaa mwezi wa kwanza, kisha chui akamchukua, na watoto wakafa mmoja mmoja, akabaki huyu dume mwekundu mwenye sikio moja lililolala. Dominiko alimwita Mtasema. Alisema jina ni la majirani, si la mbwa. Kila atakapomwita kwa sauti kubwa, wale waliokuwa wakisema amechelewa kupalilia wasikie wenyewe.

Basi Mtasema anauma watu, mjomba. Mimi ananitafuna vidole kwa mchezo tu, lakini wageni anawauma kweli. Amemuuma mwalimu Alois, yule anayefundisha dini, alipokuja kunitazama. Amemuuma mama mmoja aliyeniletea unga. Na Jumapili iliyopita alikuja Jumbe Ahmadi mwenyewe. Mtasema aliudaka mkono wa kanzu yake, kisha akaupata na mkono wenyewe. Damu ilitoka kidogo.

Jumbe akauliza, "Mbwa huyu anaitwa nani?"

"Mtasema, Jumbe."

"Basi mimi nasema. Mahindi yakikauka nitapita hapa kwa miguu yangu. Nikimkuta bado anauma watu, atapigwa rungu mbele yangu, na wewe usilie."

Bila mbwa siliwezi shamba. Dominiko alikuwa akikaa juu dunguni kulinda, jike wake chini, na nguruwe wakija yule jike ndiye aliyewatoa. Mwaka huu nalinda mwenyewe kwa kugonga debe, lakini nguruwe wamekwisha kulizoea debe, wanakula huku wanasikiliza. Mwakani bila mbwa sitavuna kitu, na hapo itabidi iwe kama ulivyosema, nishuke nije kukaa kwenu mjini. Nakushukuru kwa kunikaribisha. Lakini mimi sitaki kutoka hapa.

Wewe unakutana na watu wengi, niulizie. Mtoto wa mbwa anafundishwaje asiume? Dominiko angejua. Sikuwahi kumwuliza, kwa kuwa mbwa wake wote niliwakuta wamekwisha kuwa na adabu.

Mimi mpwa wako,
Paskalia

*

Morogoro, tarehe 2 mwezi wa nne, 1911

Kwa mwanangu Paskalia,

Marahaba, na salamu nyingi. Barua yako ilikaa na Rosa ng'ambo ya mto mpaka maji yakapungua, ikanifikia ikiwa na harufu ya maharage. Sisi hatujambo, alhamdulillahi. Mashine yangu ya kushonea ilikatika mkanda, nikaufunga kwa ngozi ya mbuzi, sasa inalia kama bata lakini inashona. Bi Asia anakusalimu. Mwanaheri, mtoto wetu, anaota meno na amemuuma mama yake begani hata akaangusha mwiko. Kwa hiyo na huku kwetu yupo anayeuma.

Bi Asia anasema chumba cha nyuma kipo, kimekwisha fagiwa. Nami nasema hivyo hivyo. Lakini mbwa hapa hawezi kuja. Unajua sisi mate ya mbwa ni najisi, na majirani wangenihamisha kabla ya swala ya jioni.

Kuhusu huyo mbwa, nimeulizia kwa watu. Wanasema mambo haya. Kwanza, mbwa mdogo naye meno yanamwasha. Mpe kitu chake cha kutafuna, kipande cha ngozi kavu au gunzi la hindi, na kila akishika mkono wako mpe hicho. Pili, msimchezeshe kwa mikono, hata kwa mzaha. Mkono uwe wa kumpa chakula na kumkuna tu. Tatu, akikuuma usimpige. Toa sauti kali ya maumivu kama mbwa mwenzake angetoa, kisha mpe mgongo na unyamaze. Mbwa mdogo hapendi kuachwa peke yake katikati ya mchezo. Ndugu zake wangemfundisha hivyo kama wangeishi. Sasa kazi yao umebaki nayo wewe.

Na ukiona amepandwa na msisimko mgeni anapoingia, usipige kelele. Mwambie taratibu, kwa sauti ya chini, "Polepole, Mtasema, polepole." Sema tena na tena mpaka atulie.

Niambie pia, je, anauma kila mtu? Au wako anaowaacha? Hilo nimelifikiria tangu juzi nikikata suruali za watu.

Mjomba wako,
Stambuli

*

Matombo, tarehe 30 mwezi wa nne, 1911

Mjomba,

Shikamoo, na shikamoo kwa Bi Asia. Meno ya Mwanaheri yametoka? Mwambie Bi Asia asugue ufizi kwa majani ya mpera yaliyochemshwa. Huku mvua haijakatika tangu Pasaka. Ukuta wa upande wa jiko umeanza kujimwaga udongo, na mama mkubwa anauegemea akisema anausaidia.

Ngozi imefaa sana. Mtasema anaibeba kila mahali kama mtu aliyepewa cheo. Vidole vyangu hatafuni tena. Nililia ile sauti kali uliyoniambia, akashtuka, akanitazama kama mtu aliyekanyaga mtoto, nami nikampa mgongo. Baada ya siku chache akawa anashika mkono wangu kwa midomo tu, bila meno. Nimefurahi sana kuona kwamba kumbe anaweza.

Lakini hiyo polepole yako, mjomba! Rosa ndiye aliyeileta barua. Nilimsomea palepale mlangoni, hajatua hata mzigo. Mtasema alikuwa anamzunguka tu akimnusa miguu. Nikaona hapo ndipo mahali pa kujaribu. Nikasema kwa sauti ya chini kabisa, "Polepole, Mtasema. Polepole."

Akamrukia Rosa akamuuma shavu la mguu.

"Uwii!" Rosa akapiga kelele.

"Pole, dada! Pole!" nikamwambia.

Akamuuma mguu wa pili.

Rosa akapanda juu ya kinu na kikapu chake kichwani. Akasema, "Mjomba wako ana akili gani? Anataka mbwa anile mimi, halafu barua zake apelekewe na nani?"

Nilimwosha kwa maji ya chumvi. Amekubali kusema kwamba amejikata na jembe, lakini watu wanauliza ni jembe gani linakata miguu yote miwili kwa nyuma. Jumbe hajasikia, nami naomba asisikie.

Umeniuliza anawaacha nani. Hilo limenikaa sana kichwani. Mtoto wa jirani anaingia hapa kila siku kuomba moto, hajaumwa hata mara moja. Mama mkubwa haumwi. Mwuza chumvi, mtu asiyemjua kabisa, aliingia akatoka salama. Nikafikiri labda ni kanzu, maana Jumbe alivaa kanzu na mwalimu Alois pia. Nikaazima kanzu, nikaitundika kwenye mti nikaitikisa. Mtasema alikwenda akailalia. Nikafikiri ni watu wenye fimbo, lakini Rosa hana fimbo. Nimekuwa kama mtu anayetafuta sindano aliyoikalia.

Jambo jingine, mjomba. Rosa anasema siku zile za msiba alikuona njiani, hapo Kiroka, umekaa na furushi mapajani. Nilimwambia amekufananisha. Wewe ulituandikia kwamba mto ulijaa, ukashindwa kuvuka kuja kuzika.

Paskalia

*

Morogoro, tarehe 21 mwezi wa tano, 1911

Mwanangu Paskalia,

Salamu kwako na kwa mama yako mkubwa. Meno mawili yamekwisha toka, ya chini. Bi Asia amefanya kama ulivyosema na anakushukuru. Gari la moshi siku hizi linapita na mizigo mingi ya kwenda bara, na kila likilia Mwanaheri naye analia, hata jirani ameanza kujua saa kwa kumsikiliza mtoto wangu.

Mpe Rosa pole yangu. Nimempa kipande cha kaniki ajifunike miguu, lakini hakucheka.

Nimeisoma barua yako mbele ya mashine mpaka mteja akaniuliza kama kuna kifo. Umetazama wamevaa nini na wameshika nini. Sasa acha macho, fuata masikio. Kabla ya kila kuumwa, ni nini kilisemwa? Neno kwa neno, kama unavyolikumbuka. Mbwa hasikii maana, anasikia mlio, na mlio ukishaambatana na jambo fulani mara moja tu, utabaki nalo.

Nakwambia hivi kwa sababu nilipokuwa mtoto huko huko kwenu nilikuwa na mbwa, jike mweusi. Kila mtu akitaja "kuni" alikimbia akajificha nyuma ya ghala. Tulicheka mwaka mzima kabla ya kugundua kwamba siku moja mama alitupa mzigo wa kuni akasema neno hilo, na mzigo ukamwangukia mkiani. Alikuwa akilala miguuni pangu siku za baridi. Basi hao watu niliosema nimewauliza ni mimi mwenyewe na jike huyo. Mwalimu wa chuo chetu hana haja ya kujua.

Sikiliza, kisha uniandikie.

Stambuli

*

Matombo, tarehe 15 mwezi wa sita, 1911

Mjomba wangu,

Shikamoo. Tumo salama. Mvua imekatika, baridi imeingia, na mahindi yamebeba. Nguruwe wamekula mistari ya upande wa bondeni. Mama mkubwa amesema anapanda dunguni kunisaidia. Alipanda, akashindwa kushuka, ikabidi watu wamshushe kwa mgongo.

Nimelipata, mjomba. Ni neno.

Nilifanya kama ulivyosema. Nilikaa uani na Mtasema nikamtajia maneno yote ya mtu anayeingia nyumbani, kama mwalimu Alois anavyowatajia watoto sala. Hodi. Karibu. Shikamoo. Habari za hapa. Alinitazama tu na ngozi yake mdomoni. Nikachoka, nikaenda kuepua chungu, nikaungua kidole. Mama mkubwa akasema toka mlangoni, "Pole!"

Mtasema akadondosha ngozi. Akanyanyuka, akaenda moja kwa moja kwa mama mkubwa kutafuta mkono wake.

Nikamzuia. Nilipotulia nikasema mwenyewe polepole kama mwizi, "Pole." Masikio yote mawili yakasimama, hata lile lililolala. Akawa anatazama huku na huku mkono uko wapi.

Mjomba, ukimtoa Rosa, kila aliyeumwa alikuja kunipa pole. Mwalimu Alois, mama wa unga, Jumbe. Wote walinyoosha mkono wakasema pole, mfiwa. Mwuza chumvi hakujua kama nimefiwa, ndiyo maana alipona. Na kila mtu alipoumwa mimi nilimwambia pole, nikawa ninamwita mbwa amuume tena. Na wewe ukanishauri niseme polepole, yaani mara mbili kwa mpigo! Mama mkubwa alicheka hata akakaa chini.

Sasa nikueleze lilianzia wapi, maana hukuwapo. Tulipokwisha kumzika Dominiko, mtani wetu Dadi alifanya kazi yake ya utani kama inavyotakiwa. Alivaa shati la Dominiko, akatembea kwa ule mwendo wake wa bega moja juu, akawaita watu kwa sauti yake hasa. Watu waliokuwa wanalia wakaanza kucheka huku wanalia. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimekaa mkekani, na Mtasema, mdogo bado kama kiatu, alikuwa kwenye mapaja yangu. Dadi akaja akapiga magoti mbele ya mbwa, si mbele yangu. Akamnyooshea mkono kwa heshima akasema, "Pole, mfiwa. Pole sana." Mbwa akamdaka kidole akaning'inia nacho. Dadi akapiga yowe, "Mnaona? Nampa pole, ananipa meno!" Akarudia, na mbwa akarudia. Nyumba nzima ikaanguka kwa kicheko.

Na mimi nilicheka. Mume wangu alikuwa hajalala kaburini hata siku nne, nami nilicheka mpaka nikashika mbavu. Hili sikumwambia mtu. Na tangu hapo kila Mtasema akimuuma mtu hunigeukia na kunitazama usoni. Nilidhani anaogopa. Sasa nafikiri anangoja nicheke.

Nilimwita Dadi nikamweleza. Akajipiga kifua akasema, "Kumbe ni mwanafunzi wangu! Mimi hata baba yangu aliniambia sifundishiki, na leo nimefundisha."

"Jumbe atamwua, Dadi."

"Jumbe atamwua?" Akaushusha mkono kifuani. "Hapo utani umekwisha. Tufanyeje?"

Ndiyo nakuuliza na wewe, mjomba. Tufanyeje? Siwezi kuwaambia watu wote wa Matombo wasimpe mjane pole. Na Jumbe akija, jambo la kwanza atakalosema mdomoni mwake ni hilo.

Paskalia

*

Morogoro, tarehe 9 mwezi wa saba, 1911

Mwanangu,

Nimecheka peke yangu dukani, kisha sikucheka. Bi Asia naye amesikia habari yote, na sasa hapa nyumbani mtu akijikwaa tunamwangalia kimya.

Usijaribu kumsahaulisha neno hilo. Halitoki. Ulipe mwisho mwingine. Hivi: mtu aje, anyooshe mkono, aseme pole. Wewe ujibu kama watu wanavyojibu, "Nimeshapoa." Ukishasema hivyo, na mbwa akakaa, mpe kitu kitamu, ukoko wa ugali au kichwa cha dagaa. Akiuma au akitoa meno, nyote mpeni mgongo. Hakuna kumpiga, hakuna kupiga kelele. Baada ya muda arudi tena yule yule, aseme tena. Kila siku, watu mbalimbali, mpaka neno lile liwe linamwambia kwamba ukoko unakuja.

Na asicheke mtu. Hata kidogo. Kicheko ndicho alichokuwa akikifanyia kazi. Mwambie Dadi kwamba hii ndiyo kazi ngumu kuliko zote alizopata kupewa.

Kitabu changu cha vipimo kimejaa, naandika nyuma ya karatasi ya sukari. Salimia wote.

Stambuli

*

Matombo, tarehe 6 mwezi wa nane, 1911

Mjomba,

Shikamoo. Nimeipata ya karatasi ya sukari. Sisimizi walikuwa wameipata kabla yangu. Mahindi yanakauka. Mengine tumekwisha kuyavunja. Mama mkubwa yu mzima na amekataza watu wasitaje dungu mbele yake.

Tumekuwa tukimfundisha Mtasema kila jioni jua likiwa bado juu ya mlima. Majirani wanakuja mmoja mmoja baada ya shamba. Mwanzoni walikuja na fimbo nyuma ya mgongo. Rosa alikuja amevaa ile kaniki yako mpaka chini. Mtu anasimama, ananyoosha mkono, anasema, "Pole, Paskalia." Mimi nasema, "Nimeshapoa." Mtasema anachagua kati ya mkono na ukoko.

Siku za kwanza alichagua mkono. Tukampa mgongo, uani watu wazima wote wametazama ukuta kama walioadhibiwa. Dadi alijaza shuka mdomoni asicheke, machozi yakamtoka, akakimbilia kwenye migomba, tukamsikia huko akicheka na migomba. Siku ya pili yake nikamwambia asije. Akaja. Sasa anaweza, anakunja uso kama karani wa boma.

Kisha Mtasema akaanza kusita. Neno likisemwa, anautazama mkono, ananitazama mimi, anakaa. Hivi leo watu wote wa hapa wamempa pole na hajauma hata mmoja tangu wiki iliyopita.

Nikuambie kitu kidogo. Lile jibu lilinisumbua kuliko mbwa. Wakati wa msiba watu walinipa pole nami nikainamisha kichwa tu. Sikuweza kusema nimeshapoa, maana ilikuwa si kweli. Sasa nalisema jioni nzima, tena na tena, kwa ajili ya ukoko. Mwanzoni nililisema kama anayehesabu. Siku hizi majirani wengine wakimaliza zamu yao hawaondoki. Wanakaa. Mama wa unga alinieleza habari za mumewe wa kwanza, ambaye sikujua kwamba aliwahi kuwapo.

Lakini hofu yangu iko hapa. Hawa wote Mtasema amekwisha kuwazoea. Jumbe hajamzoea, na Jumbe atakuja na kanzu na sauti nzito. Amepeleka neno kwamba atapita mwisho wa mwezi huu, na rungu litakuwapo. Nahitaji mtu mgeni kwa mbwa, mwanamume, mwenye kanzu, aje aseme neno lile kabla ya Jumbe. Hapa hayupo. Wewe unayo kanzu.

Habari ya Kiroka sikuulizi tena. Njoo tu.

Paskalia

*

Morogoro, tarehe 13 mwezi wa nane, 1911

Mwanangu Paskalia,

Nitaondoka Ijumaa baada ya swala. Kanzu ninayo, na sauti nzito nitaitafuta njiani.

Rosa hakunifananisha. Mto haukujaa. Nilifika Kiroka na sanda nzuri niliyoishona mwenyewe, nikaambiwa na watu wa njiani kwamba amekwisha zikwa jana yake. Nikakaa pale kwenye wauza ndizi nijaribu kulisema lile neno, nije nalo. Nikalisema kwa sauti ndogo mara kadhaa. Nikaona ni neno lile lile ninalompa mteja aliyechomwa na pini. Dominiko alikuwa rafiki yangu kabla hajawa mume wako. Nikaona nitakuja kukusimamia mbele na neno la pini. Nikarudi.

Mwambie huyo mbwa asinihurumie.

Stambuli

*

Matombo, tarehe 4 mwezi wa tisa, 1911

Mjomba wangu Stambuli,

Shikamoo. Natumai miguu imepona na Bi Asia amekusamehe kuchelewa siku zile. Mwanaheri ambusu mtu kwa niaba yangu, ila asitumie meno. Huku wote wazima. Ukuta wa jiko ulioukandika na Dadi umesimama, ingawa alama za vidole vyako zinaonyesha kwamba wewe ni fundi wa nguo.

Hujasahaulika. Dadi anakuiga kila mahali. Anajifunga shuka nyeupe, anaingia uani kwa mtu ameinua miguu kama anayevuka tope, ananyoosha mkono na kufumba macho. Anasema, "Po-le, mwa-na-ngu," kwa sauti inayotetemeka. Kisha anamwigiza Mtasema anavyokaa na kukutazama, kisha anavyonyanyuka na kukulamba mkono mzima mpaka kwenye kiwiko. Kisha anakuigiza wewe unavyokimbilia mtoni kujiosha na kupaka udongo na kujiosha tena, ukisema kwa sauti, "Hii ya nne au ya tano?" Watu wanalia kwa kucheka.

Lakini lipo asiloliiga. Uliponyoosha mkono ukasema neno lile, mimi sikuweza kujibu. Wote walikuwa wananingoja niseme nimeshapoa. Wewe ukabaki umenyoosha mkono, na Mtasema katikati yetu, hana jibu la kumwambia ukoko unakuja. Akakaa hivyo hivyo, akangoja nasi. Dadi alikuwapo, aliona. Hilo haliigi.

Jumbe alikuja siku mbili baada ya wewe kuondoka. Alikuja na watu wawili, mmoja ameshika rungu. Nilisimama mlangoni, Mtasema kando ya mguu wangu, sikumfunga. Jumbe akamtazama, akasogea, akanyoosha mkono, ule ule wenye kovu.

"Pole, mfiwa."

"Nimeshapoa, Jumbe," nikasema. Lilitoka zima.

Mtasema akakaa chini akanitazama mkono.

Jumbe akasema, "Umempa dawa."

"Hapana, Jumbe. Amefundishwa."

"Pole," akasema tena, karibu zaidi. Mtasema akakaa wima. "Pole! Pole sana! Poleni nyote!" Kila akisema, mbwa anajinyoosha kidogo zaidi, mpaka akawa kama askari anayekaguliwa. Yule mwenye rungu akaanza kutikisika mabega. Jumbe naye akacheka, na Dadi, ambaye alikuwa amekunja uso muda wote, akaniuliza kwa macho kama sasa inaruhusiwa.

"Abaki," Jumbe akasema. "Lakini jina lake ulibadilishe. Haliniheshimu."

"Marehemu ndiye aliyempa, Jumbe."

Akafikiri. "Basi libaki," akasema, akaomba maji ya kunywa.

Mimi pia nabaki, mjomba. Mwambie Bi Asia kile chumba ampangishe mtu.

Nakuandikia leo kwa sababu ya lililotokea asubuhi. Nguruwe walikuwa kwenye muhogo, wanne, na jike mmoja mkubwa kuliko madebe yangu yote. Niligonga, hawakunijali. Mtasema alisimama kwenye ukingo wa shamba, akanitazama kama anayeuliza hawa nao wamekuja kufanya nini. Sikumwambia neno lolote. Akaondoka. Alimshika yule jike pajani, akakokotwa naye kati ya muhogo mpaka chini kijitoni, na hakumwachia mpaka wote wanne walipovuka ng'ambo.

Alirudi taratibu, anachechemea, mdomo umejaa nywele za nguruwe. Hakuja mpaka karibu. Alikaa mbali kidogo, masikio yamelala yote, anangoja nimpe mgongo.

Nilikwenda jikoni nikamletea ukoko wote wa sufuria.

Mpwa wako,
Paskalia